ELIMU NA JAMAA: Mstari Mmoja Chini

Twajua kwamba wengi kati yenu mna ndugu mjini ambaye kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta mchana kutwa akipanga majina na hesabu. Mkuu wa shule hupanga alama za mitihani kwa namna hiyo. Karani wa zahanati hupanga idadi ya watoto waliochanjwa. Mweka hazina wa chama cha wakulima wa kahawa hupanga kilo na malipo. Chombo wanachotumia mara nyingi ni kile kile, yaani jedwali la Excel, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1985. Ni daftari lenye mistari iliyolala na safu zilizosimama. Tofauti yake na daftari la karatasi ni kwamba hili lajua kujumlisha lenyewe na, kama mtakavyoona, lajua pia kubadilisha maneno ya mtu bila kumwuliza.

Leo twataka kuwaelezeni mawazo ya mtaalamu mmoja wa Marekani juu ya kompyuta hizi za kila siku, na juu ya kazi ya wataalamu wa biolojia, ndiyo elimu ya viumbe vyenye uhai. Jina lake Keith Baggerly. Yeye si daktari wa kutibu wagonjwa, bali ni mtaalamu wa takwimu, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika MD Anderson, hospitali kubwa ya kansa iliyo katika mji wa Houston, jimbo la Texas. Mawazo yake hakuyapata kwa kukaa kivulini na kuwaza. Yalitoka katika shauri refu na chungu, ambalo tutalisimulia kwanza. Pasipo shauri lile, maneno ya bwana huyu yangeonekana kuwa manung’uniko ya karani mkali tu.

Mtu akipatwa na kansa, daktari hana dawa moja tu ya kumpa. Zipo dawa nyingi, na nyingi ni kali, humtapisha mgonjwa na kumnyonyoa nywele. Jambo linalohuzunisha zaidi ni hili: wagonjwa wawili wenye kansa ya mahali pamoja hupewa dawa ile ile, mmoja uvimbe wake ukanywea, wa pili usitikisike hata kidogo. Huyu wa pili amepoteza majuma na miezi aliyokuwa akiihitaji sana. Basi, kila daktari angependa kujua mapema, kabla ya sindano ya kwanza, dawa ipi itamfaa mgonjwa aliye mbele yake.

Mwaka 2006 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham katika jimbo la North Carolina, walitangaza katika jarida mashuhuri la Nature Medicine kwamba wameipata njia. Njia yenyewe ilikuwa hivi. Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani hutunza aina 60 za seli za kansa, zinazokuzwa katika vyombo vya kioo, na kwa miaka mingi zimejaribiwa kwa dawa za kila namna. Kwa hiyo kila dawa yajulikana ni seli zipi huitii na kufa, na ni zipi huikaidi na kuendelea kukua. Wataalamu wa Duke walichukua seli tiifu na seli kaidi, wakapima nguvu ya jeni zao. Jeni, kama tulivyokwisha kueleza katika ukurasa huu, ni maagizo madogo madogo ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli. Siku hizi vipo vigae vidogo vya kioo ambavyo hupima maelfu ya jeni kwa mara moja. Wakatafuta jeni zipi zinatofautiana kati ya seli tiifu na seli kaidi, kisha wakasema: pima jeni hizo hizo katika uvimbe wa mgonjwa, nawe utajua kama dawa itamsaidia au la.

Ilikuwa habari njema, nani angekataa? Madaktari wa Houston nao waliitamani njia hiyo kwa ajili ya wagonjwa wao. Lakini walitaka kuielewa kwanza, wakawaomba Baggerly na mwenzake Kevin Coombes waipitie hatua kwa hatua na kuwaonyesha jinsi ya kuitumia. Shauri zima lilianza na ombi dogo hilo. Hakuna aliyetumwa kumtafuta mkosaji.

Mabwana hao wawili walichukua hesabu zilizokuwa wazi kwa watu wote, wakafuata njia iliyoandikwa, wala hawakufika mahali walipofika wenzao wa Duke. Wakajaribu tena. Mwishowe hawakutumia tena njia iliyoandikwa, wakaanza kukisia kutokana na matokeo ni nini hasa kilichofanyika, kama fundi wa saa aletewaye saa iliyoharibika bila maelezo. Kazi hiyo iliwala zaidi ya saa 1000 kwa jumla. Baggerly aliipa jina la upelelezi.

Waliona nini? La kwanza, orodha ya jeni iliyochapishwa ilikuwa imeteremka mstari mmoja. Hebu tueleze, maana ndiyo shina la mambo yote. Tuseme mwalimu ana karatasi mbili. Katika ya kwanza yameandikwa majina ya wanafunzi, katika ya pili alama zao, na zote mbili zimefuata mpango mmoja. Lakini karatasi ya alama ina mstari wa kichwa juu kabisa, na karatasi ya majina haina. Mwalimu akiziweka bega kwa bega asitazame vizuri, mtoto wa pili hupata alama za wa kwanza, wa tatu hupata za wa pili, na hivyo hivyo mpaka chini. Sasa angalieni ubaya wa kosa la namna hii: jumla ya alama haikubadilika, wala wastani wa darasa, wala alama ya juu kabisa. Mkaguzi akija na kujumlisha, atasema hesabu ni safi. Lakini alama walizotangaziwa watoto si zao. Ndivyo ilivyokuwa Duke. Programu yao ilitaka mafaili mawili, moja lenye mstari wa kichwa na jingine lisilo nao, na majina ya jeni yakateleza. Baggerly na Coombes walipoyapandisha majina mstari mmoja, orodha zililingana na hesabu karibu zote.

Karibu zote, si zote. Katika orodha ya dawa moja iitwayo cisplatin, ambayo wataalamu wale wale waliichapisha mwaka uliofuata, vilibaki vipimo vinne vya jeni ambavyo havikuelezeka hata baada ya kurekebisha mstari. Na kati ya hivyo vinne, viwili havikuwamo kabisa katika kigae kilichotumika! Msomaji atauliza, kitu ambacho hakikupimwa kimeingiaje katika orodha ya vilivyopimwa? Hata Baggerly aliuliza hivyo hivyo. Tena vipimo hivyo vinne ndivyo vilivyotajwa katika makala kuwa ushahidi kwamba orodha ina maana, kwa sababu jeni zake zajulikana kuhusika na kazi ya kutengeneza urithi ulioharibika.

Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza. Katika jedwali seli tiifu na seli kaidi hazikuandikwa kwa maneno, bali kwa tarakimu, 0 na 1. Kwa baadhi ya dawa tarakimu zilikuwa zimegeuzwa, tiifu akaitwa kaidi na kaidi akaitwa tiifu. Kuteremka kwa majina kulipotosha maelezo ya jambo. Kugeuka kwa tarakimu kulipotosha shauri lenyewe ambalo daktari angepewa. Kwa maana hiyo chombo kilichosema “mpe huyu dawa hii” kingeweza kuwa kinamchagua mtu yule yule ambaye haitamfaa. Zaidi ya hayo vilikuwapo vipimo vilivyorudiwa mara mbili au zaidi katika jedwali moja, na vingine kati ya hivyo vimeitwa tiifu mahali pamoja na kaidi mahali pengine.

Mwezi wa Novemba mwaka 2007 mabwana wa Houston walichapisha barua yao ya kwanza katika jarida lile lile. Wa Duke walijibu kwamba makosa ya uandishi yalikuwapo, lakini njia yao yasimama na matokeo ni yale yale. Kwa watu wa mbali hayo yalionekana kuwa ugomvi wa wasomi, kila mmoja na hesabu zake, na mambo ya namna hiyo mara nyingi huisha hivyo hivyo, wasomaji wakageuza ukurasa. Bali safari hii ugomvi haukubaki katika karatasi. Huko Duke majaribio matatu juu ya wagonjwa yalianzishwa, mawili ya kansa ya mapafu na moja ya kansa ya matiti, na wagonjwa walipangiwa dawa kwa kufuata hesabu hizo. Kabla ya kufungwa, majaribio hayo yalikuwa yamepokea wagonjwa zaidi ya 100.

Baggerly na Coombes walipopata habari za majaribio mwaka 2009, waliharakisha kuandika yote waliyoyaona, na makala yao ikatoka mwaka huo huo katika jarida la wataalamu wa takwimu. Hawakumshtaki mtu kwa udanganyifu. Walisema tu: hesabu hizi ndizo zilizochapishwa, makosa haya ndiyo yaliyomo, na wapo wagonjwa wanaotibiwa kwa kuyafuata. Twapenda namna hiyo ya kusema. Mwenye kutaja kosa bila kumtukana mkosaji humnyima nafasi ya kugeuza maneno yawe ugomvi wa watu wawili.

Mwezi wa Oktoba 2009 chuo kilisimamisha majaribio, kikaita wakaguzi kutoka nje, na mwezi wa Januari 2010 kikayafungua tena. Hapo ndipo sisi tunaposhangaa kuliko mahali pengine. Hesabu zilikwisha kuonyeshwa mstari kwa mstari, nazo hazikutosha. Kilichouvunja ukuta ni jambo jingine kabisa: katika Julai 2010 gazeti dogo la habari za kansa, The Cancer Letter, lilitangaza kwamba daktari mmoja mkubwa wa kazi hiyo alikuwa ameandika katika maelezo ya maisha yake heshima ya masomo ambayo hakupewa kamwe. Watu ambao hawakuweza kusoma jedwali la jeni waliweza kusoma hilo. Wataalamu wa takwimu zaidi ya 30 walikuwa wameandika barua kwa mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Kansa, majaribio yakasimama tena, safari hii moja kwa moja. Daktari yule aliacha kazi katika Novemba 2010. Makala ya mwaka 2006 ilifutwa mwezi wa Januari 2011, na nyingine zikafuata. Mwaka 2012 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti kubwa juu ya namna vipimo vya aina hii vinavyopasa kuthibitishwa kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwaka 2015 ofisi ya serikali inayochunguza uaminifu wa utafiti iliamua kwamba daktari huyo alikuwa ametia hesabu za uongo katika kazi yake. Mwaka huo huo chuo kilipatana na jamaa za wagonjwa waliokuwa wamekishtaki mahakamani.

Basi, palikuwapo makosa na palikuwapo uongo, na kwa muda wa miaka mingi uongo ulijificha nyuma ya makosa. Kutoka hapo tuyatazame mawazo ya Baggerly, maana sasa yanaeleweka.

Wazo lake la kwanza lahusu akili ya mtaalamu mwenyewe. Zamani mchunguzi wa viumbe alipima kitu kimoja au vitatu kwa siku, na akili yake ilimlinda. Mtu aliyezoea kupima damu akiona tarakimu isiyowezekana hushtuka, kama vile mama anayeshika paji la uso wa mtoto hujua kwamba joto hili si la kawaida. Lakini mbele ya maelfu ya jeni akili hiyo hufa. Hakuna mtu duniani awezaye kuitazama orodha ya jeni 80 na kusema, “Hapana, ya 41 haipaswi kuwa hapa.” Tena, jeni zina kazi nyingi sana, na mengi yameandikwa juu yake, hata mtu ukimpa orodha iliyookotwa bila mpango atakutungia maelezo mazuri ya kwa nini jeni hizo zinahusika na dawa hiyo. Baggerly aonya kwamba maelezo ya kupendeza si ushahidi. Wale wa Duke walikuwa na maelezo ya kupendeza juu ya majina yaliyoteleza!

Wazo la pili lafuata hapo. Watu hudhani kwamba katika kazi ngumu makosa huwa magumu. Yeye asema la: kadiri alivyoona, makosa yanayotokea mara nyingi ndiyo yale mepesi, kama mstari mmoja chini, tarakimu iliyogeuzwa, au jina la mgonjwa mmoja kuwekwa juu ya kipimo cha mwingine. Kosa jepesi likiwa wazi hurekebishwa kwa dakika tano. Lakini likifunikwa na uandishi mbaya, ambapo hakuna awezaye kujua tarakimu hii ilitoka wapi na ilipitia mikono ya nani, laweza kukaa humo miaka. Hapo uzembe wa karatasi huacha kuwa usumbufu tu, huwa hatari kwa mgonjwa.

Wazo la tatu ni la kazi ya mikono. Kwa kawaida mtu hufungua jedwali, akachukua safu hii kwa kipanya, akaibandika kule, akafuta mstari, akapanga upya, akaweka rangi, akafunga. Kesho yake hata yeye mwenyewe hajui alifanya nini, maana jedwali laonyesha yaliyobaki tu, halionyeshi yaliyotendwa. Baggerly ataka mchunguzi atoe mbele ya watu hesabu ghafi kama zilivyotoka katika mashini, aonyeshe kila kipimo kimetoka wapi, atoe maagizo yote aliyoipa kompyuta yakiwa yameandikwa, na kama kuna hatua iliyofanywa kwa mkono basi ielezwe kwa maneno, ili mtu wa mji mwingine aweze kuketi na kuipata hesabu ile ile. Nyumbani kwao Houston, yeye na wenzake walijitungia kanuni kwamba kila ripoti iandikwe hivyo, maneno na maagizo ya kompyuta katika andiko moja, hata hesabu ikibadilika ripoti hujengwa upya yenyewe. Hatuoni ugumu katika madai haya. Seremala hujua kumwonyesha mteja ubao ulivyounganishwa. Na anayekataa kuonyesha, twamfikiriaje?

Labda msomaji atasema kwamba Duke ni jambo la mara moja, la mtu mmoja mbaya. Ingefaa iwe hivyo. Kwa bahati mbaya jedwali la kila siku lina tabia nyingine, ambayo haikuhitaji mtu mbaya hata mmoja.

Jeni hupewa majina mafupi. Lilikuwapo kundi la jeni za septin, zikiitwa SEPT1, SEPT2 na kuendelea. Na kundi jingine likiitwa MARCH1, MARCH2 na kadhalika. Mchunguzi akiandika SEPT2 katika kijumba cha jedwali, Excel hufikiri, “Bwana huyu ataka tarehe,” nayo huandika 2 Septemba. MARCH1 huwa 1 Machi. Vitambulisho vingine vilivyochanganya tarakimu na herufi E, kama 2310009E13, Excel iliviona kuwa tarakimu kubwa ya wanahisabati, ikaviandika kwa namna hiyo, na jina la asili likapotea lisirudi. Mwaka 2004 wataalamu walikwisha kutoa onyo lililochapishwa juu ya jambo hili. Miaka 12 ikapita. Mwaka 2016 Mark Ziemann na wenzake wa Melbourne, Australia, waliandika programu ya kupekua majedwali yaliyoambatanishwa na makala za wataalamu. Katika makala 3,597 zilizokuwa na orodha za jeni, 704 zilikuwa na majina yaliyoharibika namna hiyo, karibu moja katika kila tano. Hizo ni makala za majarida ya heshima, zilizosomwa na wakaguzi kabla ya kuchapishwa!

Hata lugha ya kompyuta huingiza madhara yake. Kompyuta iliyowekwa katika Kihispania, Kiitalia au Kireno hutambua AGO2 kuwa siku ya mwezi wa nane, kwa sababu ya neno agosto. Nayo iliyowekwa katika Kiholanzi huifanya jeni MEI1 kuwa mwezi wa tano.

Ikawaje? Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu, iliyoko Uingereza, ilitangaza kanuni mpya, na majina yenye kuleta matata kama hayo yakabadilishwa: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Katika muda wa mwaka mmoja jeni kama 27 zilipewa majina mapya. Wengine walicheka, wakisema kwamba binadamu amebadilisha majina ya sehemu za mwili wake ili kulipendeza jedwali la biashara. Sisi twaona kamati ilifanya kwa busara. Madaktari na wachunguzi wa dunia nzima hawataacha kutumia jedwali kwa sababu wameambiwa na mtu wa Melbourne au wa Houston. Ni rahisi zaidi kubadili majina 27 kuliko kubadili mazoea ya watu milioni. Hata hivyo kubadili majina hakukumaliza mambo. Ziemann alihesabu tena, na ripoti ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba katika makala 11,117 zilizotoka kati ya mwaka 2014 na 2020, 3,436 zilikuwa na kosa hilo, yaani karibu 31 katika kila 100. Hesabu ilipanda badala ya kushuka. Mwaka 2023 wenye Excel waliongeza kitufe cha kuzima tabia hiyo ya kugeuza maneno kuwa tarehe, miaka 19 baada ya onyo la kwanza.

Tukitoka kidogo katika jeni, wasomaji wengi mtakumbuka mwaka wa korona. Katika Oktoba 2020 wakuu wa afya wa Uingereza waligundua kwamba wagonjwa 15,841 hawakuingizwa katika hesabu ya taifa kwa muda wa siku nane. Kisa chake: orodha ziliwekwa katika jedwali la namna ya zamani, ambalo haliwezi kubeba mistari zaidi ya 65,536. Mistari ilipojaa, waliosalia walianguka nje kimya kimya. Wenyewe waliambiwa kwamba ni wagonjwa, lakini watu waliokaa nao hawakutafutwa kwa wakati.

Wapo wanaopinga mawazo ya Baggerly, nao hawasemi upuuzi. Wanasema kwamba kumlazimisha kila mchunguzi kutoa maagizo yake yote na hesabu zake ghafi ni kumzidishia mzigo, na kwamba katika maabara nyingi anayepanga jedwali ni mwanafunzi ambaye hakufundishwa programu hata siku moja. Tena hesabu za wagonjwa zina siri, haziwezi kutandazwa sokoni kama ndizi. Haya ni kweli. Juu ya siri za wagonjwa hatuna jibu jepesi, na sheria za nchi zinatofautiana. Lakini juu ya mzigo twauliza: ni nani aliyeubeba huko Durham? Si mwanafunzi wala profesa. Aliyeubeba ni mtu aliyelala kitandani, aliyetia sahihi karatasi ya kukubali majaribio kwa kuamini kwamba hesabu imekaguliwa. Yeye hakuulizwa kama mzigo unamwelea.

Wenye watoto wanaosoma biolojia au udaktari katika vyuo vikuu, waulizeni likizo ijayo kama wanafundishwa jinsi ya kutunza hesabu zao, au wanaachiwa kujifunza kwa kubahatisha. Katika nchi nyingi somo la takwimu huonwa kuwa adhabu ya kupitiwa upesi kabla ya kufika kwenye mambo yenyewe. Kwa maoni yetu hilo ni jambo lenyewe.

Nanyi makarani na waweka hazina, ambao hamna jeni bali mna namba za simu, kijini hicho hicho chakaa katika kompyuta yenu. Andikeni namba ya simu inayoanza na 0, nayo Excel itaila ile sifuri, kwa sababu kwake hiyo ni tarakimu ya kujumlishwa. Andikeni namba ya kitambulisho yenye tarakimu zaidi ya 15, nayo zile za mwisho zitageuka kuwa sifuri, na hakuna kengele itakayolia. Dawa yake ni ndogo: kabla hamjaandika lolote, chagueni safu nzima, kisha iambieni kompyuta kwamba safu hiyo ni ya maneno, si ya tarakimu. Nakala ya kwanza iwekeni kando isiguswe na mtu, nayo kazi ifanyeni katika nakala ya pili. Na mnapounganisha orodha mbili, msizibandike bega kwa bega kwa kutegemea mpango wa mistari. Mpeni kila mtu namba yake katika orodha zote mbili, muunganishe kwa namba hiyo, kisha mchague majina matatu, moja la juu, moja la katikati na moja la chini, mkayalinganishe kwa macho na karatasi ya asili.